Wananchi wa Kukodi

Siku Mamlaka ya Usafiri ilipowaita wananchi waje watoe maoni kuhusu barabara mpya ya mabasi, kitu kimoja tu kilikosekana ukumbini: wananchi.

Kila kitu kingine kilikuwepo. Viti vya plastiki vilipangwa mistari kama gwaride. Chupa za maji zilitoka jasho ndani ya ndoo ya barafu. Ramani kubwa ilining'inia ukutani, imejaa mistari myekundu na ya bluu kama mishipa ya mgonjwa. Mpiga picha alikuwepo, ameinamia simu yake. Na Mratibu wa mradi, kijana aliyekaza tai shingoni kama mtu anayejiadhibu, alikuwa anatembea kutoka jukwaani hadi mlangoni, anatazama saa, anatazama lango, anarudi.

Tangazo lilikuwa limetolewa, msije mkasema halikutolewa. Lilibandikwa ubaoni ndani ya ofisi ya Mamlaka, ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango ambao ukiwa wazi unalifunika, na ukiwa umefungwa huruhusiwi kuingia. Sheria ilisema wananchi watangaziwe. Haikusema popote kwamba waone.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha fundi viatu, alikaa mwanaume mmoja anasubiri soli yake ikauke gundi. Watu walimwita Lami. Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea njiani. Hili la mtaani lilimkaa zaidi, kwa sababu maneno yake yalikuwa laini kama lami mpya, na kama lami mpya, ukiyakanyaga yangali ya moto unabaki umenasa wakati yeye anaenda zake. Aliwahi kuwatoza watu ada ya kuvuka daraja kwa miezi kadhaa, mpaka serikali ilipokumbuka kwamba daraja lile lilikuwa lake.

Lami alitazama ule ukumbi kwa muda. Aliona viti vitupu, akaona tai, akaona jasho. Akainuka, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala ya kuazimwa kwa fundi, akavuka barabara.

"Poleni sana, bosi," alisema. "Marehemu alikuwa nani?"

"Marehemu gani?" Mratibu alishtuka.

"Naona viti, naona maji, naona mtu mwenye majonzi. Nikasema hapa pana msiba."

"Huu ni mkutano wa kushirikisha wananchi."

"Ahaa. Na wananchi wenyewe?"

Mratibu alishusha mabega. Mtu akishabanwa humwambia siri zake hata aliyevaa ndala upande mmoja. "Hawajaja. Na wafadhili wanataka picha. Bila picha za wananchi wanashiriki, hela za awamu ya pili hazitoki. Na bosi wangu ameshanunua gari la awamu ya pili."

"Mnataka wa namna gani?"

"Nini?"

"Wananchi."

"Wa kawaida tu."

Lami alivuta pumzi kupitia meno, kama fundi makenika aliyefungua boneti akakuta balaa. "Wa kawaida ndio wagumu kupatikana, bosi. Ungesema wasomi, hao wapo, hawana kazi. Ungesema wazee wa heshima, hao wako tayari muda wote, wanasubiri kuitwa tu. Lakini mwananchi wa kawaida saa hizi anatafuta riziki. Kumtoa alipo kuna gharama yake."

"Kuna fungu la posho," Mratibu alinong'ona.

"Basi nisubirini. Na huyo mpiga picha aamke."

Nyuma ya mtaa ule kulikuwa na kiwanda cha sabuni kilichokufa zamani. Bomba lake la moshi lilikuwa limeota majani, lakini uwanja wake wa mbele ulikuwa hai kuliko soko la serikali lililojengwa mahali pasipopita mtu. Pale wauzaji walitandika biashara zao ardhini. Pale kinyozi alitundika kioo chake kwenye ukuta wa kiwanda. Na pale, katikati kabisa, alikaa Shangazi yake Lami na marobota yake ya mitumba.

Huyu alikuwa dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea Lami tangu anatambaa. Alikuwa mjane mwenye sauti nzito na macho yanayoweza kuona doa kwenye shati lililokunjwa.

"Shangazi, nimekuletea kazi," Lami alisema.

"Wewe? Basi dunia imekwisha. Kazi gani?"

"Ya kukaa."

"Kukaa kunalipwa?"

"Kukaa na kutikisa kichwa. Mtu mwenye tai akisema jambo, wewe unatikisa hivi, polepole, kama limekuingia."

"Nilimtikisia kichwa marehemu mume wangu miaka yote ya ndoa, sikulipwa hata siku moja," alisema Shangazi, akaanza kujifunga kitenge. "Twende."

Lami aliwapanga kama kocha. Wazee mbele. Mama mwenye mtoto mgongoni apigwe picha kwa ubavu. Mtu mmoja aulize swali gumu, ila si gumu sana. Na kinyozi alipewa kazi nyeti kuliko zote: kukasirika.

"Nikasirike kwa nini?" kinyozi aliuliza.

"Kwa lolote. Kila mkutano wa kweli una mtu mmoja mwenye hasira. Asipokuwepo, wafadhili wanashuku. Unasimama, unafoka, unasema tumechoka. Halafu Mratibu anakujibu, unasema asante nimeelewa, unakaa."

"Na kama sijaelewa?"

"Unalipwa uelewe."

Mkutano ukafana. Picha zikatoka nzuri mno, hasa ya kinyozi akiwa amenyoosha kidole juu, mishipa ya shingo imesimama. Nasikia ile picha ilizunguka ofisi za mbali, na huko watu wa makamo walitokwa na machozi kwa kuona demokrasia ikiwa kazini. Posho zilitoka kwa Mratibu zikiwa nene, zikapita kwenye mikono ya Lami, zikawafikia wananchi zikiwa zimepungua mwili. Lakini hata kilichobaki kilikuwa zaidi ya mauzo ya siku, hivyo hakuna aliyelalamika.

Habari njema husafiri kwa lifti. Jengo lile lilikuwa na ofisi mbili zilizokabidhiwa jukumu la kuupanga mji. Ghorofa ya tatu ilikaa Mamlaka ya Usafiri, iliyopanga barabara. Ghorofa ya tano ilikaa Idara ya Ardhi, iliyopanga kila kitu kinachotakiwa kuwa pembeni ya barabara. Ofisi hizi mbili zilikuwa haziongei. Ugomvi ulianzia kwenye sehemu moja ya kuegesha gari yenye kivuli, na ukakua mpaka ukawa sera. Walikutana tu ghorofa ya nne, ambako kulikuwa na choo pekee chenye maji, na huko wanadamu hawazungumzii ramani.

Mkuu wa ghorofa ya tano, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya mnyororo, ambaye wote walimwita Mama Mipango, alimwita Lami ofisini.

"Nasikia unafanya kazi na wale wa chini," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Mimi nafanya kazi na wananchi, mama. Wananchi hawana ghorofa."

"Nataka wananchi waunge mkono bustani ya mapumziko. Hapo kwenye uwanja wa kiwanda cha sabuni."

Lami alijua kwamba moja ya njia zilizochorwa na wale wa ghorofa ya tatu ilipita juu ya uwanja huohuo. Hakusema. Mwenye kuuza mwavuli hana haja ya kumgombanisha mtu na mvua. Wiki hiyo, watu walewale walipiga makofi Jumanne kwa ajili ya barabara na Alhamisi kwa ajili ya bustani, na kinyozi akakasirika pande zote mbili kwa haki.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angetulia. Lami alikuwa na akili, tena nyingi, lakini hazikuwa za kutulia.

Siku moja Mratibu, ambaye sasa alimwona kama ndugu, alimwonyesha ramani. "Tuna machaguo mawili tu," alieleza. "Chaguo la Kwanza linafuata reli ya zamani. Ile ardhi ni ya serikali, hakuna wa kulipwa fidia. Chaguo la Pili linakata katikati ya uwanja wa kiwanda. Hapo mwenye uwanja atalipwa. Na atalipwa vizuri."

"Na nani anaamua?"

"Wananchi wataamua," alisema Mratibu, wakacheka wote wawili. Kisha Mratibu akaacha kucheka, kwa sababu Lami alikuwa ameshaacha kabla yake.

Mwenye uwanja alikuwa mjukuu wa yule aliyejenga kiwanda, mzee mpole aliyechoshwa na kodi za ardhi, ambaye miaka yote aliwaachia wafanyabiashara wakae bila kuwadai kitu. Lami alimwendea na maneno yake yangali ya moto. Aliuza pikipiki yake, akauza cheni yake ya dhahabu kwa mtu ambaye hadi leo anaamini ni ya dhahabu, akamaliza na akiba yote ya posho. Uwanja ukawa wake.

Je, alimfikiria Shangazi? Alimfikiria. Alijiambia kwamba nguo hazina mizizi, zitauzika popote. Usiku alilala vizuri, ila alilala ameugeukia ukuta.

Yule mzee mpole, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alikuja uwanjani kuaga.

"Nimeuza, mama," alimwambia Shangazi. "Lakini msiwe na hofu. Nimemuuzia mwanao."

Shangazi alikuwa anakung'uta koti. Akasimamisha mkono hewani. "Mwanangu yupi?"

"Yule kijana wa maneno mazuri. Alisema ana mpango na nyinyi."

"Mpango gani?"

"Hakuutaja. Alisema mtaujua siku ya mkutano mkubwa."

Shangazi alimshukuru, akamsindikiza, akarudi kukaa juu ya robota. Jana yake tu Lami alikuwa amewafundisha kitu kipya: kwenye mkutano mkubwa, mbele ya wafadhili, wapige makofi ya nguvu wakisikia Chaguo la Pili. Alipomuuliza hilo Chaguo la Pili linapita wapi, Lami alijibu, "Huko mbali, Shangazi, usijichoshe." Sasa Shangazi hakuhitaji kujichosha. Alielewa kwamba mwanawe alikuwa anawalipa wapigie makofi kufukuzwa kwao wenyewe, na kwamba hata posho ya makofi hayo angeikata.

Hakulia. Alimwita kinyozi na wengine wachache nyuma ya kiwanda, akawaeleza.

"Namvunja miguu," alisema kinyozi, na safari hii hasira ilikuwa ya bure.

"Mguu ukivunjwa unaungwa," Shangazi alijibu. "Huyu nimemwogesha mimi. Najua pa kumshikia. Tangu mdogo, ukimpa kitu anakitilia shaka, ukimficha anakitafuta mpaka akiibe. Basi tumfiche kitu."

"Kitu gani?"

"Kinamasi changu."

Wote walicheka, maana kile kinamasi kilikuwa kichekesho cha mtaa. Kilikuwa bonde nyuma ya nyumba za mwisho, maji ya magotini, matete na vyura. Marehemu mume wa Shangazi aliuziwa na tapeli mmoja wakati wa kiangazi, akijua ni kiwanja. Mvua za kwanza zilipofika, mzee wa watu alikwenda kuweka msingi akarudi na samaki.

Kinyozi alikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kupiga lipu aliyeingia mjini wiki hiyohiyo kutafuta kazi. Lami hakuwahi kumwona. Kwenye marobota ya Shangazi mlikuwa na vizibao vya rangi ya machungwa vyenye mistari ya kung'aa, vimeandikwa maneno ya nchi ambayo hakuna aliyeijua. Jirani mmoja anayekodisha muziki wa sherehe alitoa stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia spika. Juu yake wakafunga mashine ya kusagia nyama, wakaifunika mfuko wa plastiki kwa heshima, kama chombo kisichotakiwa kupata vumbi.

Kesho yake kinyozi, akiwa anamnyoa Lami, alilalamika kidogo kuhusu magari ya serikali yanayowatisha vyura kule bondeni. Kisha akabadilisha mada haraka, kama mtu aliyeropoka. Lami aliondoka na nywele zimenyolewa upande mmoja.

Alimkuta shemeji wa kinyozi amesimama majini, kofia ngumu kichwani, jicho moja limebanwa kwenye ile mashine. Mwenzake alisimama mbali ameshika fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe.

"Kazi njema, wakuu," Lami alisalimia.

"Rudi nyuma, mzee. Eneo la mradi."

"Mradi upi tena?"

"Haturuhusiwi kusema."

"Mimi ni mwenzenu. Nashirikiana na ghorofa ya tatu."

Shemeji alimtazama kuanzia kichwa kilichonyolewa nusu hadi miguuni. Alikuwa amepiga lipu nyumba za wakubwa, akasoma jinsi wakubwa wanavyomtazama mpiga lipu. Akamtupia Lami jicho lilelile.

"Ungekuwa mwenzetu," alisema, "ungekuwa unajua kwamba barabara imehamishwa. Sasa toka, unanizibia nukta."

"Imehamishwa wapi?"

"Umesimama wapi?"

Lami alitazama chini. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye soksi.

Msidhani alikuwa mjinga. Alikwenda kuhakikisha. Ghorofa ya tatu aliambiwa Mratibu amesafiri kwenye ziara ya kujifunza jinsi nchi nyingine zinavyopanga miji yao, na simu yake haipatikani huko. Akapanda ya tano.

"Mama," alimwuliza Mama Mipango, "ni kweli wale wa chini wameanza kupima kile kinamasi?"

Mama Mipango alikuwa hajui lolote. Lakini kukiri kwamba wa ghorofa ya tatu wanafanya jambo asilolijua kungekuwa sawa na kuwarudishia kile kivuli cha kuegeshea. Akavua miwani polepole.

"Tunajua," alisema. "Tunafuatilia kwa karibu sana."

Lami alishuka ngazi mbilimbili. Na Mama Mipango, mlango ulipofungwa tu, aliwaita maofisa wake akawaagiza watafute mara moja sheria yoyote, ya kale au mpya, itakayozuia mtu kufanya chochote kwenye kile kinamasi.

Jioni Lami alifika kwa Shangazi na mfuko wa sukari, jambo ambalo lenyewe lingetosha kuwa ushahidi mahakamani.

"Shangazi," alianza, "mimi huwa naumia nikikuona unauza kwenye ardhi ya watu. Siku watakufukuza, mimi mwanao nitaficha wapi uso? Basi nimejinyima, nimekununulia ule uwanja."

"Uwii!" Shangazi alijishika kifua. "Wewe mtoto! Ule uwanja wote?"

"Wote. Nikupe uwe wako na wenzako. Mimi sitaki hela. Nipe tu kile kinamasi, kiwe kama alama. Tubadilishane, watu wasije wakasema nimekupa sadaka."

Shangazi aliuweka chini mfuko wa sukari. Akatazama sakafu. Akaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti.

"Kile ndicho kitu pekee alichoniachia marehemu mume wangu," alisema. "Nikisikia vyura wanalia usiku, ni kama namsikia yeye anakoroma. Hapana, mwanangu. Siwezi."

Lami alibembeleza mpaka sukari ikaisha kwenye chai. Kadiri Shangazi alivyokataa ndivyo kinamasi kilivyozidi kung'aa machoni pake. Alimwelezea uzee, akamwelezea mvua zinazonyeshea mitumba, na hapo Shangazi akafuta machozi na ncha ya kitenge.

"Umesema kweli kuhusu mvua," alisema. "Lakini uwanja wenyewe hauna paa. Jenga paa kwanza, na choo, halafu tuandikishane mbele ya wakili. Marehemu ataona angalau nimebadilisha kwa kitu."

Lami alipiga hesabu ya fidia, akaona bei ya paa ni kama ya karanga tu. Akakopa, akajenga. Mabati mapya yakapanda, nguzo zikasimama, choo kikachimbwa. Na kila alipoonekana kuchelewesha mafundi, shemeji wa kinyozi alirudi bondeni na mashine yake, akapima tena. Bati la mwisho lilipopigiliwa, wakaandikishana. Shangazi alitia saini huku anapenga kamasi. Wakili aliguswa sana.

Mkutano mkubwa ulifanyika ukumbi uleule. Wafadhili walikuwepo, wamekaa mbele na vitabu vyao. Mratibu alikuwa amerudi kutoka kwenye ziara na tai mpya. Mama Mipango naye alikuja bila kualikwa, akakaa pembeni, bahasha mapajani, sura ya mtu aliyebeba nyoka mfukoni.

Mlangoni Lami aliwapa watu wake maelekezo ya mwisho. "Sahauni Chaguo la Pili. Leo makofi ni kwa Chaguo la Tatu. La kinamasi. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, mwanangu," alisema Shangazi.

Mratibu alieleza Chaguo la Kwanza. Kimya. Akaeleza Chaguo la Pili. Kimya zaidi. Kisha akakunja karatasi zake.

Lami alisubiri. Akakohoa. Mwishowe akanyoosha mkono. "Na Chaguo la Tatu, mheshimiwa?"

"Hakuna Chaguo la Tatu."

"La kinamasi. Mliloanza kulipima."

"Sisi?" Mratibu alipepesa macho. "Hatujapima kitu. Kifaa chetu cha kupimia kimeharibika tangu mwaka juzi."

Kabla Lami hajameza mate, Mama Mipango alisimama. Alitangaza, akiitazama ghorofa ya tatu yote kwa pamoja, kwamba Idara ya Ardhi imeshalitambua bonde lile kuwa hifadhi ya maji ya mvua, na kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kujenga humo, kujaza kifusi, kupanda, kuchimba au kupitisha barabara yoyote iliyobuniwa na watu wasioshirikisha wenzao. Mwenye bonde ataendelea kulimiliki. Na ni wajibu wake kulisafisha.

Mratibu akamjibu. Mama Mipango akamjibu. Neno kivuli likasikika. Wafadhili wakaanza kuandika kwa kasi.

Katikati ya zogo hilo Shangazi alisimama, na kwa kuwa sauti yake ilizoea kushindana na soko zima, ukumbi ukatulia.

"Mimi ni mwananchi wa kawaida," alisema. "Ule uwanja wa kiwanda ni wetu, tumeandikishwa kwa wakili. Hatuuzi na hatuhami. Barabara tunaitaka. Ipitisheni kwenye reli ya zamani, hakuna wa kumlipa. Mtuwekee kituo cha basi hapo mbele, watu washuke wanunue. Basi."

Makofi yaliyopigwa hayakuwa yamekodiwa na mtu. Kinyozi alisimama akasema yeye hana la kukasirikia, na mpiga picha akashindwa ampige vipi. Chaguo la Kwanza likapita, kwanza kwa sababu lilikuwa na maana, na pili kwa sababu ndilo pekee ambalo ofisi zote mbili zilikuwa zimesahau kuligombania.

Lami alifika uwanjani alasiri, hatembei vizuri. Shangazi alikuwa chini ya mabati, anatundika magauni.

"Shangazi, mmenitapeli."

"Nani kakutapeli? Nilikataa, ukanibembeleza. Nikalia, ukanibembeleza. Ulitaka kinamasi, umepata kinamasi."

"Wale wapimaji walikuwa waongo!"

"Nenda polisi. Ila wakikuuliza ulikuwa unafuata nini kule, ujiandae kujibu."

Lami alikaa juu ya robota. Shangazi alimmiminia chai, akampa, akabaki amesimama mbele yake.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinipe maneno," alisema. "Ungetutupa kweli? Mimi na hawa wote?"

Maneno ya Lami, yaliyowahi kuwatoza watu daraja la serikali, yalikawia kuja. "Ningewatafutia pengine," alisema mwishowe.

"Pengine ndiyo wapi?"

Lami alikunywa chai yake ameinama, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Shangazi alimwacha mpaka nusu ya kikombe. Kisha akamwekea rundo la mashati miguuni.

"Anza kukunja. Mikono imekaa bure."

Lami akakunja. Shati la kwanza, la pili. Kinyozi, aliyekuwa anamnyoa mtu pembeni, alimtazama kupitia kioo. Baada ya muda ule moshi wa aibu ukaanza kupungua, na chini yake ile biashara ya damuni ikainua kichwa.

"Lakini yule mpimaji," Lami alisema, kama anayejisemesha. "Yule wa kofia. Mimi nimedanganya watu maisha yangu yote na alinitazama mara moja tu nikaona aibu kumtilia shaka. Mtu kama yule akipata wa kumsimamia anafika mbali. Ni nani?"

"Shemeji yangu," alisema kinyozi. "Umechelewa."

"Amerudi kwao?"

"Yuko ghorofa ya tatu. Siku ya mwisho anapima, gari la Mamlaka likapita kule bondeni. Bosi mmoja akashusha kioo, akamwona kaloa mpaka magotini, jua la saa saba. Akamwuliza, wewe ni wa kwetu? Akamjibu, kama si wa kwenu ningekuwa hapa? Yule bosi alisema tangu aajiriwe hajawahi kumkuta mtu wao yeyote eneo la kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wamempa idara nzima ya upimaji."

Lami aliacha kukunja. "Hivihivi? Bila kumhoji?"

"Walimhoji," alisema kinyozi, akapuliza nywele kwenye wembe. "Walimwuliza kama anaweza kuanza leo."